Kuokoa kanda za nyumbani kabla deki ya mwisho haijanyamaza

Umeipata kanda ya zamani ya marehemu babu na mkono unakuwasha kuitia kwenye redio ya kwanza utakayoiona. Ngoja. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa kila anayeingia kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akiwa na kopo la biskuti lililojaa kaseti. Kanda iliyolala miaka thelathini kabatini inaweza kulala mwezi mwingine bila neno. Kinachoiua ni dakika moja ndani ya redio ambayo mpira wake, ule unaovuta utepe, umekauka.

Mimi ni fundi redio. Siku hizi redio zenyewe siletewi sana, naletewa kanda, na wengi wanaimba wimbo mmoja: "Fundi, nihamishie hii kwenye flashi." Haya yafuatayo ndiyo ninayoyafanya mezani, niyaandike ili mwenye kompyuta na subira ayafanye mwenyewe, na asiye navyo ajue la kumuuliza fundi wake kabla hajamkabidhi sauti ya mama yake.

Kwanza ujue kwa nini kuna haraka. Watu wanadhani utepe ndio unaokufa. Utepe wa kawaida uliopakwa unga wa chuma, ule wa TDK D au Maxell UR tuliozoea, ukitunzwa pakavu hudumu kuliko tulivyotegemea. Wanaokufa ni mashine, na mafundi wake pia. Philips walionyesha kaseti mwaka 1963 Berlin, na kwa miaka zaidi ya thelathini ndiyo iliyokuwa kinasa sauti cha mnyonge na cha mwandishi wa habari vilevile. Hapa kwetu harusi, maulidi, darsa, kwaya ya kanisa, hotuba ya msibani, vyote viliishia kwenye kanda. Kisha zikaja CD. Kwa wanaorekodi nje ya nyumba ikaja kanda ya kidijitali ya DAT mwaka 1987 na kisahani cha MiniDisc mwaka 1992, ambazo huku wachache waliziona, halafu vinasa vya kadi kama Zoom H4 mwaka 2006, na mwisho simu, ikafuta vyote. Mwaka 2010 Sony wakaacha kuuza Walkman ya kanda huko kwao Japani. Mashine mpya za leo zipo, ila nyingi zina makenika nyepesi ya aina moja, iliyonakiliwa na kunakiliwa tena, na Dolby halisi, ule mfumo wa kupunguza mchakacho wa kanda, hazina. Kwa hiyo kazi hii tunaifanya kwa mashine za mtumba ambazo kila mwaka zinapungua.

Wala sisemi kaseti ilionewa. Ukirekodi harusi kwa C90, kila dakika arobaini na tano unageuza upande, na bibi harusi hakungoji. Betri zikichoka mwendo unapungua. Ukinakili nakala ya nakala, mchakacho wa "shshsh" unapanda hadi udi hausikiki. Simu imeyamaliza yote hayo. Lakini yaliyonaswa kwenye kanda yamebaki humo humo.

Kupanga mafungu

Mimina kopo lote mezani. Kanda za dukani, zenye karatasi iliyochapishwa na picha ya mwimbaji, ziweke kando kwa sasa. Wimbo wa taarabu wa Black Star au Lucky Star wa hapa Tanga uliotoka kwenye sahani ya santuri, au wa mwimbaji Juma Bhalo uliouzwa madukani Mombasa, kuna uwezekano mtu mwingine anao, tena safi kuliko wako. Anza na zile zilizonunuliwa tupu zikaandikwa kwa kalamu ya wino: harusi, msiba, mtoto anasoma, barua za sauti kutoka Muscat au Dubai. Hizo ziko moja tu duniani.

Usiyaamini sana maandishi. Watu walirekodi juu ya walichokuwa nacho. Nimewahi kusikiliza kanda iliyoandikwa jina la bendi ya Kongo, na baada ya nyimbo mbili bendi ikakatika, akaingia baba mtu anamfundisha mwanawe Juzuu Amma, sura kwa sura, huku jogoo anawika. Mwenye kanda alitaka kuitupa. Kila upande usikilizwe hadi mwisho, hata ukifika mahali pamenyamaza.

Kabla ya lolote, vunja vile vibati viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Vikiwa havipo, mashine haiwezi kurekodi juu yake hata ukibonyeza kitufe kibaya. Ukiwa na kisu kidogo ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Angalia pia namba. 60 ni nusu saa kila upande, 90 ni dakika arobaini na tano, 120 ni saa nzima. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo utepe unavyokuwa mwembamba, kwa sababu lazima wote uenee ndani ya ganda lile lile. C120 usiirudishe nyuma kwa kasi, usiisimamishe na kuianzisha ovyo. Ichezeshe mara moja, mfululizo, huku kompyuta inarekodi.

Mashine ya kutafuta

Usinunue vile vichezeshi vidogo vya plastiki vyenye waya wa USB vinavyotangazwa kuwa vinageuza kanda kuwa MP3. Sauti inayumba kama mlevi, mota inalia ndani ya rekodi, na mara nyingi hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, imekaa upande. Tafuta deki ya mezani ya mtumba ya Technics, Sony, Pioneer, Aiwa, yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba miaka ya themanini au tisini. Ikiwezekana iwe ya kaseti moja, isiyo na ule mtindo wa kujigeuza upande yenyewe. Katika mashine nyingi zinazojigeuza, hedi inazunguka huku na huku, na baada ya miaka haikai tena sawasawa inapotakiwa.

Ukibahatika kukutana na mashine za waandishi na watafiti, kama Sony TC-D5M, Walkman Professional WM-D6C au Marantz PMD222, na bei haijakimbia, chukua. Zilitengenezwa kubebwa vijijini na kurudi zikiwa nzima. Lakini deki nzuri ya mezani iliyosafishwa inatosha kabisa.

Unapokwenda kwa muuza mtumba, nenda na kanda yako isiyo na thamani, yenye kinanda au filimbi, sauti inayokaa mahali pamoja. Sikiliza ikiyumba. Ngoma na taarabu zinaficha kuyumba, kinanda hakifichi. Kisha tazama kitovu cha upande wa kulia, kile kinachopokea utepe. Kikisita au kikizunguka kwa kurukaruka, mashine hiyo ndiyo itakayotafuna kanda yako: utepe unatoka, hakuna wa kuuzoa, unajizungusha kwenye mpira. Kagua na ule mpira mdogo wenyewe. Ukiwa mgumu na unang'aa kama kucha, ubadilishwe. Belti za ndani nazo huchakaa, nyingine zinayeyuka kuwa utomvu mweusi unaoganda vidoleni; mpya zipo, ila fundi ahakikishe amekwangua utomvu wote kabla ya kuvisha nyingine.

Kusafisha

Pamba ya masikio na spiriti safi ya isopropili, ile mafundi simu wanayosafishia bodi. Si tina, inakula mpira na plastiki. Si spiriti ya zambarau ya jiko, ina rangi. Na tafadhali si manukato, ingawa najua nyumba nyingi zilisafisha hedi kwa manukato na redio ikaendelea kuimba.

Futa hedi, kisha kile kijiti cha chuma kinachozunguka, halafu mpira. Mpira ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo na tone la sabuni, kwa sababu spiriti ikizidi inaukausha. Pamba itatoka na rangi ya kahawia. Hiyo ni chuma ya kanda za watu waliotangulia. Endelea mpaka itoke nyeupe, na rudia baada ya kila kanda, si baada ya kila wiki. Kanda moja chafu inaacha tope kwenye hedi na ile inayofuata inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi. Wengi hapo wanalaumu kanda.

Kufungua ganda

Zishike kanda zote juu ya mwanga. Unga mweupe kwenye ukingo wa utepe uliofungwa ni ukungu. Huku pwani ni jambo la kawaida, hasa zilizowekwa ukuta wa chooni au chini ya kitanda. Ziweke kando na nyingine, vaa barakoa, uzikaushe ndani ya boksi la plastiki pamoja na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya. Usizianike juani, wala usizifukie kwenye mchele. Zikishakauka, uondoe ukungu nje, kwenye upepo, kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, ukiupitisha utepe polepole. Kuhusu wanaosema kanda zichomwe kwenye oveni ili zipone: hilo ni la tepu kubwa za studio ambazo gundi yake imelainika. Kaseti yako ya harusi haihusiki.

Sasa ugeuze kaseti utazame pale katikati, penye utepe ulio wazi. Nyuma ya utepe kuna kipande kidogo cha sponji au sufi juu ya kijichuma chembamba. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake ikichoka, sponji inadondoka, na kanda nzima inatoa sauti hafifu inayokuja na kwenda. Katika kanda za zamani ninazoletewa, huu ndio ugonjwa ninaoukuta zaidi ya yote, na mwenyewe huwa ameshakata tamaa akisema "imefutika". Haijafutika. Utepe uko salama, umepungukiwa na sponji tu.

Dawa yake ni ganda la kaseti nyingine. Tafuta kaseti ya dukani isiyo na maana yenye skrubu tano, maana nyingine zimeunganishwa kwa joto na hazina skrubu. Fungua ile ya skrubu mezani juu ya kitambaa cheupe, ikiwa imelala bapa, upande wa juu ukiunyanyua taratibu. Utaona ndani karatasi mbili nyembamba za plastiki, juu na chini, rola mbili ndogo pembeni, vijiti vyake vya chuma, na bati dogo nyuma ya sponji. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Ondoa utepe wake wote na vitovu vyake, uweke vitovu vya kanda yako pamoja na utepe wake, ukiupitisha utepe juu ya rola na mbele ya sponji kama ulivyokuwa kwenye picha. Funika, kaza skrubu kwa kufuata pembe, si moja mpaka mwisho. Zungusha kwa kalamu ya Bic uone kama inakwenda bila kukwama. Kama ganda la kanda yako limeunganishwa kwa joto, lipasue kwa kisu chembamba kwenye mshono, ukianzia upande wa mgongo, mbali na utepe. Ganda litaharibika, si neno, hutalirudia.

Utepe ukiwa umekatika, au umechomoka kwenye kitovu, usitumie selotepu ya dukani. Gundi yake inatoka jasho, inaunganisha mzunguko wa juu na wa chini, na siku moja inang'oa chuma yote. Ipo tepu maalumu ya kuungia kaseti, ya upana wa utepe wenyewe, milimita 3.81. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutane bila kupandana, gundi ikae upande wa ndani wa utepe, ule unaotazama kitovu. Upande unaotazama nje ndio unaogusa hedi, na humo ndimo sauti ilimo. Uliokunjamana usiukate: ulaze, uupitishe kati ya vidole vyenye glovu, uuchezeshe hivyo hivyo. Sauti itazimika pale sekunde moja, na sekunde moja ya mzazi aliyefariki ina thamani.

Kisha kanda iende mbele hadi mwisho na irudi hadi mwanzo, mara moja au mbili, kwa deki na si kwa kalamu. Hilo linalegeza mizunguko iliyoshikana. Linapunguza pia ile sauti ya mzimu inayosikika kidogo kabla ya mtu kusema, ambayo inatokana na mzunguko mmoja wa utepe kuuachia alama mwenzake kwa kulala pamoja miaka mingi.

Mkao wa hedi

Hapa ndipo nampotezea mteja muda, na hapa ndipo kazi ilipo. Katikati ya hedi kuna ufa mwembamba ambao macho hayauoni. Ufa huo lazima uwe wima kabisa kulingana na utepe. Redio iliyorekodi harusi yenu mwaka 1986 ilikuwa na hedi iliyopinda kidogo kwa namna yake. Deki yako imenyooka au imepinda kwa namna nyingine. Mkao ukitofautiana hata kidogo, besi inabaki na trebo inakufa. Watu wanasema kanda imezeeka, kumbe hedi mbili hazijaelewana.

Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Moja, mara nyingi ya kushoto na yenye springi chini yake, ndiyo inayoinamisha hedi. Fungua mlango wa deki, au uondoe kifuniko chake, ili uifikie kanda ikiwa inacheza. Weka doa la rangi ya kucha juu ya skrubu na mahali ilipoelekea, upate pa kurudi. Tumia bisibisi isiyo na sumaku. Vaa spika za masikio, na kama deki au programu ya kompyuta inakuwezesha, changanya kushoto na kulia viwe mono, yaani sauti moja. Katika mono kosa linasikika maradufu.

Geuza kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, kwenda na kurudi. Usisikilize wimbo, sikiliza "s" na "sh", kayamba, vigelegele, nyuzi za udi. Kuna mahali zote zinafunguka kwa pamoja, na ukivuka kidogo zinazama tena. Kaa hapo katikati. Kuna barua ya sauti niliyoletewa, mama ameirekodi Muscat kwa dada yake wa huku. Ilipoanza ilikuwa mtu anazungumza ndani ya mtungi. Skrubu ilipokaa, zikaanza kusikika bangili zake zikigongana kila akigeuza karatasi, maana kumbe alikuwa anasoma alichoandika, na nyuma feni. Mwenye kanda hakuwa amewahi kuzisikia bangili zile, na kanda ilikuwa kwao miaka yote.

Upande B una mkao wake. Rudia. Kanda ikiwa imerekodiwa kwa mashine mbili tofauti siku tofauti, utarudia katikati ya upande. Ukimaliza kanda ya mteja, rudisha skrubu kwenye doa lako.

Mono, Dolby na mwendo

Redio nyingi za kubebwa na vinasa vya waandishi vilirekodi mono: mstari mmoja mpana badala ya miwili myembamba. Deki yako ya stirio itausoma mstari huo kwa masikio mawili. Rekodi yote mawili kama yalivyo, kisha baadaye uchague lililo safi zaidi. Mara nyingi ukingo mmoja wa utepe umeumia kuliko mwingine. Usiyachanganye kuwa moja bila kusikiliza, kwa sababu hedi ikiwa imepinda hata chembe, yakichanganyika yanauana trebo.

Dolby izime. Karibu kanda zote za nyumbani huku zilirekodiwa bila hiyo, na ukiiwasha unaikata sauti ya juu bure. Iwashe tu ikiwa kasha limetiwa alama kuwa ilitumika, au kanda inachoma masikio kwa ukali na mchakacho hata baada ya hedi kukaa sawa. Hapo jaribu Dolby B usikie kama inatulia bila kuzama.

Mwendo ndio ugonjwa wa kanda za porini. Betri zikichoka wakati wa kurekodi, utepe ulikwenda polepole, kwa hiyo leo deki yako yenye umeme thabiti inaucheza haraka mno. Sheikh anaanza darsa kwa sauti yake na anaimaliza kwa sauti ya mtoto. Usihangaike na skrubu ya mota. Rekodi ilivyo, urekebishe kwenye kompyuta, kwa kunyoosha taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa upande. Na kama sauti yote, toka mwanzo, iko juu kabisa kama ya panya, huenda imerekodiwa kwa mashine yenye mwendo wa nusu. Baadhi ya Marantz zilikuwa nao, ili kanda moja ichukue saa nyingi. Punguza kasi kwa nusu ndani ya programu na mtu atarudi.

Utajuaje mwendo sahihi? Kama palikuwa na umeme ukumbini, amplifaya iliacha mngurumo wake ndani ya kanda. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda unatikisika mara 50 kwa sekunde. Fungua chati ya masafa ya sauti kwenye programu utafute kilele kidogo upande wa besi. Kikiwa 52 badala ya 50, kanda inakimbia kwa asilimia 4; ipunguze kwa karibu kiasi hicho. Wakati mwingine mngurumo wa mara mbili yake, 100, ndio unaoonekana wazi zaidi. Huo ndio uchafu pekee wa kanda ninaoufurahia, na ndiyo maana siuondoi mpaka umeshanipa jibu.

Kwenye kompyuta

Hapa si pagumu. Toa sauti kwenye matundu ya nyuma ya deki, yale mawili, jekundu na jeupe, uiingize kwenye kadi ya nje ya sauti ya USB. Behringer UCA222 ni ya bei nafuu na inatosha kwa kaseti. Tundu la maiki la laptopu ni la maiki. Linapasua sauti na mara nyingi ni mono. Kuweka simu mbele ya spika na kurekodi hewa, achana nako.

Programu ni Audacity, ya bure. Zima kila kinachojiita kuboresha sauti kwenye kompyuta yako. Weka sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 kama kadi yako inaweza, 16 kama ni ile Behringer ndogo. Kilele cha sauti kikae kati ya -12 na -6 dB. Kigelegele cha ghafla kikigonga sifuri hakirekebishiki. Bonyeza kurekodi, ndipo uchezeshe, na uache mpaka utepe uishe.

Hifadhi WAV bila kugusa kitu: bila kuondoa mchakacho, bila kukata ukimya. Kwa biti 24 dakika tisini za stirio zinachukua takriban GB 1.5, hivyo flashi ya GB 64 inabeba kanda kama arobaini. Kusafisha kufanyike kwenye nakala, na kwa mkono mwepesi. Programu za kuondoa mchakacho zikizidishwa zinaacha sauti ya mtu anayezungumza chini ya maji, na ukishafuta ile ya kwanza huna pa kurudi. Kwa ajili ya WhatsApp ya familia tengeneza MP3 ya mono ya kbps 64. Upande wa dakika arobaini na tano unakuwa kama MB 22, na bibi wa Muheza ataufungua bila kumaliza bando.

Na huyo bibi ndiye unayemhitaji. Mpelekee mapema, kaa naye kwa simu, umuulize huyu ni nani, na huyu anayecheka, na hapa ni wapi. Andika dakika na jina. Audacity inakuruhusu kuweka alama juu ya sauti yenyewe, lakini daftari nalo ni sawa. Faili iliyoitwa "kanda ya zamani 3" hakuna atakayeifungua baada yako. Iite 1987_Pangani_harusi_kanda2_A, na picha ya kasha na mwandiko wake uiweke humo humo. Nakala ziwe mbili, nyumba mbili tofauti.

Barua za sauti, lakini, zisikilize peke yako kwanza. Watu walisema humo mambo ya ndoa, ya madeni, ya mirathi, wakijua msikilizaji ni mmoja. Mara moja moja namrudishia mteja flashi na kumwambia hii ya pili usiitie kwenye kikundi kabla hujaisikia.

Kanda zenyewe usizitupe. Zipeleke hadi mwisho wa upande kwa mwendo wa kucheza, si kwa kasi, uziache hapo bila kuzirudisha, uzitie kwenye makasha yake na uzisimamishe wima kama vitabu, mbali na spika, friji na ukuta wenye unyevu. Kipakiti kipya cha kukausha kiingie koponi kila masika yanapokaribia.